Mzee Karatasi na Skrubu ya Milimita Nane

Leo Ijumaa, tarehe 28, saa kumi kamili jioni, Mzee Karatasi atarudisha ufunguo wa chumba cha nyuma na kustaafu. Atakuwa ameitumikia karakana hii miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Muda wote huo kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba mota ya gari haihami pale ilipofungwa.

Kwa faida ya wageni wetu, na ya ndugu wa mstaafu ambao huenda miaka yote walidhani anafunga mota za mashine za kusaga, hapa kwetu tunatengeneza magari ya mashindano yanayoendeshwa kwa rimoti. Gari lenyewe unalibeba kwapani, lakini likiachiwa kwenye uwanja wetu wa ndani linakupita kabla hujamaliza kugeuza shingo. Mota yake ina ukubwa wa yai, nayo inashikwa na skrubu mbili tu. Gari likiruka na kutua, likigonga ukingo, likitetemeka mizunguko thelathini, ni skrubu hizo mbili zinazopambana. Zikilegea hata kidogo, mota inasogea, gia zinasagana meno, na mashindano yamekwisha.

Meneja alimwomba mwandishi wa wasifu huu aandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Kuchangamsha tutajitahidi, ukurasa mmoja tayari tumeshindwa. Ni haki pia kusema mapema kwamba maneno haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni kumuaga mtu. Ya pili ni kusahihisha barua ya onyo iliyokaa kwenye faili lake miaka kumi na mmoja, ambayo kwa kanuni zetu ingemnyima Cheti cha Utumishi Safi. Barua hiyo aliandikiwa mtu asiye na kosa. Tutafika huko.

Mzee aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, akitokea kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Siku hizo karakana ilikuwa na mafundi watano na feni moja, na feni hiyo ilikuwa ya Meneja. Alipewa meza karibu na dirisha, bisibisi tatu na bakuli dogo lenye sumaku la kuwekea skrubu zisipotee. Bakuli hilo bado analo. Bisibisi amebadilisha mara nyingi, maana alikuwa haamini bisibisi iliyolika ncha. Alikuwa akisema, “Ncha ikila skrubu leo, kesho skrubu itakula gari.”

Jina la Karatasi alilipata kwa kazi, na halina uhusiano wowote na ofisi. Ukifunga mota, gia yake ndogo inatakiwa iachane na gia kubwa kwa nafasi nyembamba mno. Zikibanana, mota inapata joto na kuungua. Zikiachana sana, meno yanavunjika. Mzee alikuwa anakata ukanda wa karatasi, anauingiza katikati ya gia mbili, anaisogeza mota mpaka karatasi ibanwe, anakaza skrubu moja kidogo, ya pili kidogo, anarudi ya kwanza, kisha anauchomoa ukanda. Nafasi inayobaki ni sahihi kabisa. Halafu anaizungusha gia kwa kidole huku ameinamisha sikio, mithili ya mtu anayesikiliza kama mtoto amelala.

Karatasi hizo zilitoka kwenye waraka wowote aliouona hauna maana. Mwaka mmoja Meneja alisambaza waraka mkali kuhusu kubana matumizi ya vifaa vya ofisi. Wiki iliyofuata alikuja kukagua gari la mteja, akakuta neno “MATUMIZI” na nusu ya sahihi yake vimebanwa kati ya gia mbili. Mzee alimweleza bila kupepesa macho kwamba waraka ule ulikuwa na unene mzuri kuliko nyaraka zote zilizotangulia. Meneja hajasahau mpaka leo, na tunaamini anaposoma hapa anacheka.

Kitu chake cha pili ni mstari mwekundu. Kabla ya kufunga skrubu aliifuta mafuta kwa spiriti, akaitia tone moja la gundi ya kuzuia kulegea, akaifunga. Gari likishakimbia dakika tano na kupoa, aliikagua tena, kisha akachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kinachoishika mota. Skrubu ikigeuka hata kwa unywele, mstari unakatika, na unajua bila kugusa. Rangi aliinunua mwenyewe dukani. Muuza duka alipomuuliza wanawake wangapi wanamsumbua kiasi hicho, alijibu kwamba ana mabinti arobaini na wote wanakimbia.

Ukweli ni kwamba chupa ya kwanza ilikuwa ya mkewe. Aliichukua mezani nyumbani bila kuomba, mama akaitafuta siku tatu, na alipogundua ilipo alikataa kurudishiwa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyechagua rangi. Tulikuwa na sheria isiyoandikwa: mstari mwekundu unachorwa na mkono mmoja tu. Dereva wetu wa mashindano, yule anayesimama jukwaani na rimoti, hakukubali gari liwekwe uwanjani bila mstari huo. Alikuwa anasema haendeshi gari, anaendesha mstari wa Mzee.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini mikono yake haikujua kutulia. Kwenye harusi ya fundi wetu wa betri, meza ya maharusi ilipoyumba, Mzee alitoa bisibisi kwenye mfuko wa koti na kupotea chini ya kitambaa wakati hotuba inaendelea. Mkewe alipolazwa, alikaza skrubu zote za kitanda chake, na wauguzi wakaanza kumwita kwenye vitanda vingine. Alikuwa na ratiba kamili ya wodi kabla daktari hajamaliza kusoma vipimo.

Jambo lake kubwa zaidi halina jina lake. Ni kile kibano cha nyuma kinachoikumbatia mota mkiani, ili hata skrubu moja ikikatika mota isihame. Leo kiko kwenye kila gari linalotoka hapa. Alikibuni akiwa peke yake katika chumba cha nyuma, akakipeleka kwenye meza ya mbele ndani ya bahasha, na meza ya mbele ikakipokea bila kwenda kumshukuru. Mwandishi analijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyeipokea bahasha.

Sasa tumefika kwenye chumba cha nyuma, na hapa kuchangamka kunapungua.

Wengi wenu mnakiona kile chumba mnapokwenda stoo. Kina dirisha moja linalotazama ukuta wa ghala la jirani, umbali wa mkono. Kina meza, rafu za mota zilizorudishwa na wateja, na redio inayoshika stesheni moja mpaka saa sita mchana, kisha inakoroma. Sinia la chai la saa nne halifiki kule, maana mpishi anaanzia mbele na birika linaishia njiani. Mzee amekaa humo miaka kumi na mmoja, akikagua magari yaliyoharibika na kuandika sababu. Chakula cha mchana alikila humo humo, saa saba na nusu, sisi tukiwa tumeshamaliza kwenye meza ndefu ya mbele. Kuna mwenzetu aliyeajiriwa hapa na kufanya kazi miezi minne akidhani mlango ule ni wa stoo ya pili. Siku moja akasikia mtu anapiga chafya ndani yake, akaja mbio kutuambia kuna mwizi. Tulicheka sana siku hiyo. Hakuna aliyekwenda kumwambia Mzee tulichokuwa tunacheka.

Tulimsema pia kwamba anaongea na mota. Ni kweli, alikuwa anaongea nazo. Mkewe alifariki mwaka wa pili wa chumba kile, na kuanzia hapo alikuwa anatoka kwenye nyumba isiyo na mtu kuja kwenye chumba kisicho na mtu. Mtu akikaa hivyo, ataongea na chochote kilicho karibu.

Aliwekwa kule kwa sababu ya ile barua. Barua inasema kwamba katika fainali ya mashindano makubwa ya mwaka ule, yeye, akiwa fundi mkuu wa mota, alipitisha skrubu isiyofaa, gari likaungua na karakana ikaaibika. Kuanzia hapa mwandishi hawezi tena kujiita mwandishi. Ni mimi, mkuu wa meza ya mashindano, ambaye nyote mnaniita Chapuchapu. Jina hilo alinipa Mzee mwenyewe wiki yangu ya kwanza, na halikuwa la sifa.

Nusu fainali ilipokwisha, mota ilikuwa imepata joto kupita kiasi, tukaamua kuibadilisha. Mzee aliweka mpya, akapima kwa karatasi, akakaza skrubu ya kwanza na, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kulikimbiza gari, akaichorea mstari palepale. Ya pili ilikuwa kwenye bakuli. Simu yake ikalia. Ilikuwa hospitali, kuhusu mkewe. Alisimama, akaniambia nisiguse kitu, anarudi sasa hivi, akatoka nje ya ukumbi mahali penye utulivu.

Kipaza sauti kikaita magari ya fainali. Dakika tano. Nilichukua bakuli kwa pupa, likanitoka, na skrubu ikaingia chini ya meza kwenye nyaya. Nilipapasa sikuiona. Nikavuta kopo la skrubu za magurudumu, nikachukua iliyofanana. Ya mota ni milimita sita. Ya magurudumu ni milimita nane. Kwa jicho huoni tofauti, ukiwa na haraka ndiyo kabisa, lakini hizo milimita mbili zinapenya ndani ya mota na kugusa nyaya za shaba. Mzee alikuwa ametufundisha hivyo zaidi ya mara mia. Aliwahi kulikwaruza kopo lile kwa msumari na kuandika “SI YA MOTA”. Niliyaona maandishi hayo wakati natia mkono.

Nikafunga. Dereva akaja, akatazama, akaona skrubu moja haina mstari, akasema haliendi. Nikafungua chupa nyekundu, nikachora.

Mzee aliporudi gari lilikuwa tayari uwanjani. Aliniuliza kama ile skrubu niliifunga. Nikamjibu, “Ndiyo Mzee, ileile.” Uso wake ulikuwa na habari mbaya kutoka hospitali, na hakuuliza tena.

Tuliongoza mizunguko ishirini na sita. Wa ishirini na saba gari likatoa moshi mbele ya jukwaa la wageni na kusimama. Dereva aliweka rimoti chini na kuondoka bila kuaga. Jumamosi tulilifungua mezani mbele ya Meneja. Skrubu ikatoka na ncha yake imeungua, ina vipande vya shaba, na juu ya kichwa chake mstari mwekundu. Kila mtu akamtazama mwenye mstari.

Mzee aliishika ile skrubu muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Hakukunja uso, wala hakunyoosha kidole. Alinitazama na kusubiri. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi ule, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na niliogopa. Nikainamisha macho kwenye meza. Jumatatu asubuhi barua ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote. Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini, na baadaye nikapewa meza yake ya dirishani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mmoja, na niliitembea kwa kuzunguka uani, hata mvua ikinyesha, ili nisipite mbele ya mlango wake. Siku tulipomzika mkewe nilisimama nyuma ya watu wote na kuondoka kabla ya kumpa mkono. Nilijiambia kwamba amesahau, au kwamba hakuwahi kujua.

Wiki tatu zilizopita Meneja alinituma nikamuulize tarehe aliyoanza kazi, kwa ajili ya wasifu huu. Nilibisha hodi. Ndani kulikuwa na viti viwili. Alipangusa cha pili kwa kitambaa, akaniambia nikae. Nilipomuuliza kiti hicho ni cha nani, kwa kuwa karakana ilimpa kimoja tu, alisema alikileta kutoka nyumbani wiki ya kwanza alipohamishiwa humo. Alikileta kwa ajili yangu.

Alikuwa anajua tangu siku ile. Yeye huanza mstari kwenye skrubu na kumalizia kwenye chuma. Wangu ulianzia kwenye chuma, na tone zito la mwanzo wa brashi lilibaki huko. Aliniambia hayo kwa sauti ileile anayotumia kueleza hitilafu ya gari la mteja. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Nilijua Jumatatu utakuja. Nikasema ngoja aje mwenyewe, itakuwa bora kwake.” Jumatatu ikapita. Akadhani Jumatano. Alizijua hatua zangu, zinakuja chapuchapu mpaka kwenye kona, halafu zinageuka. Alikasirika mwaka mzima. Mkewe alipofariki, akasema, hasira nayo iliisha, akabaki amezoea tu.

Nilimwomba radhi. Alisema amenisikia. Sikuwa na haki ya kudai neno jingine. Kisha akanitajia tarehe aliyoanza kazi, nikaiandika.

Siku ileile nilimwandikia Meneja maelezo haya yote na kuyatia sahihi. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili la Mzee. Faili langu limepata barua ya onyo ya kwangu mwenyewe, na meza ya mashindano itapata mkuu mwingine kuanzia mwezi ujao. Meneja alipendekeza mambo yaishie ofisini, ili sherehe isiharibike. Mzee alikataa. Alisema lawama ilisomwa mbele ya watu wote, kwa hiyo na haya yasomwe mbele ya watu wote. Ndiyo maana mnayasikia sasa, kwenye karatasi ya sherehe, na wali mezani.

Juzi nilimpelekea rasimu aipitie. Niliitarajia irudi imejaa wino. Alikuwa amegusa mahali pamoja. Nilipoandika kwamba skrubu yangu ilikuwa “ndefu kidogo”, alikata neno “kidogo” na juu yake akaandika “milimita mbili”. Mengine yote aliyaacha kama yalivyo.

Mzee Karatasi, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa kila gari lililofika mwisho wa mzunguko bila mtu kujiuliza kwa nini. Ahsante kwa kibano cha nyuma, ambacho kuanzia leo kitaitwa kwa jina lako kwenye michoro yetu. Cheti chako cha Utumishi Safi kiko mbele ya Meneja, na ni chako kihalali. Dada yako amekuja, jirani zako wamekuja, na dereva wa siku ile amekuja pia. Amesema anataka kukaa karibu nawe. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na nyumba isiyokaukiwa na hodi.

Ile miaka kumi na mmoja sina namna ya kukurudishia. Ilikuwa yako, Mzee, na niliichukua mimi.